Saruji Ina Stakabadhi, Kibarua Hana

Mjini Moshi hakuna mfuko wa saruji unaoingia mahali pa ujenzi bila kuandikwa. Nondo huhesabiwa, misumari hupimwa kwa kilo, na mtunza bohari hutia saini. Kitu kimoja tu huingia asubuhi na kutoka jioni bila karatasi, nacho ni binadamu.

Huyo ndiye kibarua wa kampuni ya ujenzi. Ni kijana wa Kibosho, Marangu au Old Moshi, ambaye kihamba cha babu yake kimegawanywa hata hakitoshi tena kumlisha. Hushuka alfajiri akitumaini kuchaguliwa na mnyapara. Akichaguliwa, hubeba zege kutwa. Asipochaguliwa, hurudi mlimani mikono mitupu. Masika yakianza mwezi Machi, mvua izuiayo kazi humnyima na ujira. Akianguka kutoka kwenye jukwaa, ni rahisi kampuni kusema kwamba haimjui, kwa kuwa jina lake haliko popote.

Enzi za ukoloni, kibarua wa mashambani alipewa kipande, karatasi iliyotiwa alama kila siku aliyofanya kazi hadi zitimie siku 30. Kilikuwa chombo cha kumkandamiza, na hakuna mwenye akili anayekililia. Lakini hata kipande kilikiri kwamba mtu huyo alifanya kazi.

Haiwezi kusemwa kwamba sheria haipo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi wa siku 6 au zaidi kwa mwezi maelezo ya ajira yake kwa maandishi. Kikomo cha kazi ya kawaida ni saa 45 kwa wiki, na saa za ziada hulipwa si chini ya mara moja na nusu. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 ilianzisha Mfuko unaochangiwa na mwajiri, si mfanyakazi. Haki zote hizo huanzia penye jina lililoandikwa.

Makandarasi hujitetea kwamba zabuni zimebana na vifaa vimepanda bei. Hoja hiyo ni dhaifu. Nondo ikipanda bei, hulipiwa kwa bei mpya. Anayepunjwa ni yule asiye na karatasi ya kudaia. Huo si ubanaji wa matumizi, ni unyonyaji.

Wala lawama si ya makandarasi peke yao. Zahanati na madarasa hujengwa kwa fedha za umma. Mhandisi hupima zege, mhasibu hukagua stakabadhi, mwalimu mkuu huhudhuria vikao vya ujenzi. Ni wangapi kati yao huuliza orodha ya vibarua? Watumishi hao wana barua za ajira, likizo na pensheni. Wao ndio wajuao vyema thamani ya karatasi.

Basi na iwe kanuni: pasipo orodha ya majina, saa na malipo, iliyotiwa saini na vibarua wenyewe, hati ya malipo ya mkandarasi isipitishwe. Ni aibu kwa taifa kuwafundisha watoto haki na wajibu ndani ya darasa ambalo aliyelijenga alidhulumiwa haki yake.