Tufundishwe kwa Chai Yetu

Kuna jambo linanikera. Somo la maendeleo ya dunia likifika, tunatundikiwa ramani, tunakariri habari za nchi za mbali, kumbe chai imefika hadi ua wa shule! Tuna haja gani ya kungoja vitabu vipya?

Mwalimu aweke mezani majani mawili na chipukizi, risiti ya kituo cha kununulia chai, na paketi iliyo tayari dukani. Halafu atuulize nani alipata nini njiani.

Chai yetu huuzwa kwa dola katika mnada wa Mombasa. Hebu tuseme kilo moja imeuzwa dola 2. Mapema mwaka 2024 dola ilikuwa karibu shilingi 160. Mwisho wa mwaka huo, karibu 129. Shilingi 62 zimepotea, na mama hakuchuma vibaya hata siku moja! Bonasi ikishuka, sisi tunafikiri karani ndiye mwizi.

Na mashine je? Mei 2023 zilichomwa moto hapa Kericho. Kwetu nyumbani shangazi anasema zilimnyang'anya kazi. Kaka, fundi wake, anasema zinamlisha. Wote wawili nawaamini. Eti darasani hiyo ni siasa, tuiache!

Najua silabasi ni ndefu. Lakini kipindi kimoja tu, jamani. Risiti ya mama ninayo, nitaileta Jumatatu.