Mgonjwa wa Mgongo na Daktari Wake

Wahenga walisema kwamba adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Naona usemi huo wawafaa sana wagonjwa wa mgongo. Mtu aliyevunjika mguu huonekana na bendeji yake, na kila apitaye humpa pole. Lakini mwenye maumivu ya kiuno hana jeraha wala uvimbe, na asipoamka mapema kwenda shambani au afisini, majirani husema ni mvivu. Juma hili nataka kunena juu ya taabu ya wagonjwa wa namna hiyo, na hasa juu ya mambo yawapatayo wanapotafuta tiba.

Maradhi haya si ya watu wachache. Shirika la Afya Duniani limeeleza kwamba mwaka 2020 watu milioni 619 ulimwenguni walikuwa na maumivu ya sehemu ya chini ya mgongo, na kwamba maumivu hayo ndiyo yaongozayo kwa kuwafanya watu waishi na ulemavu. Wamo humo wakulima wainamao na jembe kutwa, akina mama wabebao kuni na maji, madereva, na sisi makarani tukaao vitini toka asubuhi hata jioni.

Mimi mwenyewe huu ni mwaka wa nne nina maumivu hayo, na nimekwenda kwa madaktari wanne. Sitataja majina yao wala hospitali zao, kwa maana kusudi langu si kumshitaki mtu. Wa kwanza hakuinua macho kutoka katika karatasi yake. Kabla sijamaliza kusema ni upande gani uumao, alikwisha kuandika vidonge. Wa pili alisema ni misuli, akaniamuru nilale kitandani majuma mawili. Wa tatu alitaka picha ya eksirei, akaitazama kwenye mwanga, akasema pingili zangu zimechakaa kama za mzee, nami sijatimiza miaka arobaini. Wa nne aliitazama picha ile ile, akasema, "Huna kitu." Nikamwuliza, "Ikiwa sina kitu, bwana daktari, mbona siwezi kuinama kufunga viatu?" Akaniambia niache kuwaza sana, akamwita mgonjwa mwingine.

Neno hilo "huna kitu" ni zito kuliko madaktari wadhaniavyo, maana mgonjwa hurudi nalo kazini na nyumbani. Mkuu wangu wa kazi alipoisoma barua isemayo kwamba hakuna ugonjwa ulioonekana, alikataa kunipa ruhusa, akaandika katika faili kwamba nakosa kazini mara kwa mara pasipo sababu. Mkulima naye huuza mbuzi apate nauli na gharama ya picha, kisha hurudi mikono mitupu, na ndugu zake humwambia ashike jembe kwa kuwa daktari amekwisha kusema yu mzima. Si ajabu basi kwamba wengi huishia kwa wachuuzi wa dawa sokoni. Mchuuzi huyo hata akiwa mwongo, humsikiliza mtu mpaka mwisho.

Lakini yafaa tuwe watu wa haki, tutazame sababu ya mambo haya. Mwaka 1895 Mjerumani Wilhelm Röntgen alivumbua miali ya eksirei, na kwa mara ya kwanza mifupa ya mtu aliye hai ikaonekana bila kupasuliwa. Mwaka 1934 madaktari wawili wa Boston, Mixter na Barr, walieleza ya kwamba gegedu iliyo kati ya pingili mbili yaweza kutokeza nje na kubana mshipa wa fahamu ushukao mguuni. Tangu hapo wengi walitumaini kwamba kila maumivu ya mgongo yana kasoro iwezayo kuonekana pichani.

Matumaini hayo hayakutimia. Mwaka 1994 wataalamu wa Marekani walitangaza habari za watu 98 ambao hawakuwa na maumivu yo yote ya mgongo. Walipopigwa picha kwa mashine ya MRI, ni 36 tu katika kila mia walioonekana kuwa na gegedu zisizo na kasoro hata moja. Waliobaki walikuwa na gegedu zilizovimba au kuharibika, nao walikuwa wakitembea na kufanya kazi kama kawaida. Tena, katika kila wagonjwa kumi wa mgongo, kama tisa hivi hawaonekani kuwa na chanzo kimoja kiwezacho kutajwa kwa hakika. Basi daktari wangu wa tatu alinitia hofu kwa jambo lipatikanalo hata kwa wazima, na wa nne alidhani kwamba kisichoonekana hakipo.

Shauri la kulala kitandani nalo limepitwa na wakati. Mwaka 1986 wataalamu walilinganisha wagonjwa walioambiwa kulala siku mbili na wale walioambiwa kulala siku saba; hawa wa siku saba hawakupona upesi zaidi, ila walikosa kazi siku nyingi zaidi. Nalo Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa Desemba 2023, lilipendekeza kwa maumivu yaliyopita miezi mitatu kwamba mgonjwa aelezwe hali yake na afanye mazoezi ya mwili. Halikupendekeza mikanda ya kiuno wala dawa kali za jamii ya afyuni.

Twajua pia kwamba madaktari wana kazi nyingi. Safu ya wagonjwa huanza alfajiri, na daktari mmoja hawezi kukaa saa nzima na kila mtu. Hata hivyo kuna mambo matatu yasiyohitaji fedha wala mashine. La kwanza, amwache mgonjwa amalize maneno yake. La pili, amguse na kumpima anapoumwa. La tatu, akiwa hajui chanzo, aseme waziwazi: "Maumivu yako ni ya kweli, ila picha haionyeshi chanzo chake." Maneno hayo yangalinifaa mimi kuliko vidonge vyote nilivyomeza.

Sisi wagonjwa nasi tuna wajibu wetu. Kabla ya kwenda hospitali, andika katika karatasi maumivu yalianza lini, yanazidi wakati gani, na umekwisha kutumia dawa zipi. Chukua picha na barua zako za zamani, usije ukalipa mara mbili. Tena uliza bila haya: Je, kuna dalili ya hatari? Nifanye kazi gani, na niache ipi? Nirudi lini?

Zipo dalili zisizofaa kungoja hata siku moja: miguu kulegea, ganzi kati ya mapaja, au kushindwa kuzuia au kutoa mkojo na choo. Homa, kukonda pasipo sababu, au maumivu yasiyotulia hata usiku, hayo nayo yapelekwe kwa daktari upesi, kwa kuwa kifua kikuu chaweza kuingia katika pingili za mgongo. Na wafugaji wakumbuke ugonjwa wa bruselosi, upatikanao kwa kunywa maziwa mabichi au kushika wanyama wenye ugonjwa huo. Nao huleta homa na maumivu ya kiuno. Chemsheni maziwa.

Mwaka huu mtaalamu wa tiba ya viungo alinisikiliza kwa dakika ishirini, akanifundisha mazoezi matano na kunihimiza kutembea kila siku. Maumivu hayakwisha, lakini nafunga viatu vyangu mwenyewe na nakaa kazini mpaka saa ya kutoka. Nawasihi wakuu wa kazi wasimhukumu mtu kwa barua ya mstari mmoja; na wasomaji walio na neno juu ya jambo hili, wakiwamo madaktari, na waandike, tupate kusikia pande zote mbili.