Arobaini Si ya Mama Peke Yake

Uko msemo uliozoeleka katika vijiji vyetu vya Uluguru, toka Kinole hadi Mgeta, kwamba mambo ya kichanga ni mambo ya wanawake. Msemo huu husemwa kwa kujiamini kabisa, na mara nyingi wanaousema huwa wamekaa kivulini wakati mambo hayo yakifanywa na wengine. Mimi naupinga kwa sababu unaua.

Tuanze na hesabu. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015-16 ulionyesha kwamba asilimia 63 ya watoto nchini walizaliwa katika vituo vya afya. Utafiti wa 2022 ukaonyesha asilimia 81. Katika kipindi hicho vifo vya watoto wenye umri chini ya miaka mitano vilishuka kutoka 67 hadi 43 kwa kila watoto 1,000 wanaozaliwa hai. Hayo ni maendeleo, na wanaostahili sifa wapewe. Lakini vifo vya watoto wasiotimiza mwezi mmoja vilitoka 25 vikafika 24 tu. Akina mama wameitikia wito wa kujifungulia hospitali, na bado vichanga wanakufa karibu kama zamani.

Vingi vya vifo hivyo hutokea siku ile ile ya kwanza, na hapo ni haki yetu kuidai serikali wauguzi, vifaa na dawa. Lakini vingine hutokea nyumbani, baada ya ruhusa kutolewa. Je, huko nyumbani tumdai nani?

Shirika la Afya Duniani linaelekeza mama na mtoto wakae kituoni angalau saa 24 baada ya kujifungua, kisha waonwe tena siku ya tatu, wiki ya pili na wiki ya sita. Kwa mkazi wa mjini Morogoro, siku ya tatu ni safari fupi ya bajaji. Kwa mama wa milimani ni kushuka njia ya mawe na utelezi akiwa bado na maumivu, au kupanda pikipiki kwa nauli ambayo hana. Mwenye fedha ya ndizi na ya mboga ni mume. Basi asipokwenda, wa kulaumiwa si "ujinga wa akina mama".

Na hicho kichanga anahitaji nini? Anahitaji ziwa la mama pekee, bila maji wala uji, kwa miezi sita. Anahitaji joto: alazwe kifuani, ngozi kwa ngozi, hasa kule Mgeta ambako baridi ya Juni na Julai hupenya hata blanketi, na kifua cha baba kina joto vilevile. Asiogeshwe kabla ya saa 24 kupita. Kitovu kiachwe kikavu, bila majivu, mafuta wala kinyesi cha ng'ombe. Anayemshika anawe mikono kwa sabuni. Katika orodha hii, ni kunyonyesha tu ambako mwanamume hawezi.

Zipo pia dalili za hatari: mtoto kukataa kunyonya, kupumua haraka au kifua kubonyea, mwili kuwa wa moto sana au wa baridi, degedege, manjano yaliyofika kwenye nyayo, kitovu chekundu au chenye usaha. Mama naye akitokwa damu nyingi au akipata homa, asingojewe. Kichanga hana akiba ya nguvu. Saa chache zinatosha kumpoteza. Hata hivyo katika nyumba nyingi jibu huwa ni moja: "Tumsubiri baba arudi."

Nazijua hoja za wenzangu. Wapo wasemao kwamba kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama yake, hivyo wajomba watamwangalia. Ukoo unaamua mtoto atarithi shamba la nani. Haujapata kumzuia baba kuteka maji. Wengine husema, "Mbona sisi tulikua bila haya yote?" Wanaosema hivyo ni waliokua. Wasiokua hawana wa kuwasemea.

Wengine husingizia kazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 ilimpa baba aliyeajiriwa likizo ya angalau siku tatu, ambazo kwa maoni yangu ni chache mno. Lakini mkulima hana mwajiri wa kumnyima ruhusa. Nimewahi kukutana na mama mwenye kichanga cha siku tisa mgongoni, akishuka kwenda sokoni na mkungu wa ndizi kichwani. Mumewe alikuwa nyuma yake, ameshika panga.

Wazee wetu waliweka arobaini kwa hekima, mzazi apumzike na ale vizuri. Desturi hiyo tusiiache, tuipanue. Baba naye awe na arobaini yake: achote maji, akate kuni, atenge nauli kabla mtoto hajazaliwa, azijue dalili za hatari kama anavyoijua bei ya ndizi, na aseme wazi kwamba akiwa hayupo, mama aondoke bila kuomba ruhusa ya mtu. Asiyeweza hayo kwa siku 40 asijisifu kijiweni kwamba amepata mtoto.