Mbwa-mwitu wa Bale na Mbwa wa Mchungaji

"Nauli yote hiyo, na baridi yote hiyo, kwenda kumtazama mbwa?"

Hivyo ndivyo nilivyopokewa barazani kwetu Mombasa niliporejea kutoka Uhabeshi. Aliyeuliza ni mzee ninayemheshimu, mtu wa chuoni, na wenzake wakacheka mpaka kahawa ikawapalia. Sikuwalaumu. Sisi watu wa pwani tumezoea safari ya kwenda kuhiji, kutibiwa au kutafuta riziki. Kupanda mlima kwa miguu siku nne, ukalala ndani ya hema ilhali una kitanda chako nyumbani, ni mambo tuliyowaachia Wazungu. Na kama ni mbwa, basi wako hata hapa mtaani kwetu, na hakuna anayetoa hata shilingi kuwatazama.

Lakini swali lile, msomaji, halikuniondoka akilini. Nililala nalo nikaamka nalo, na leo nataka kulijibu hapa kwa kituo, kwani mzee yule bila kujua alikuwa ameligusa jambo lenyewe.

Milima ya Bale iko kusini mashariki ya Ethiopia, katika nchi ya Waoromo, na wengi wa wakaazi wake ni Waislamu. Sisi Uhabeshi tuliofunzwa na maalimu zetu ni ule wa Najashi, mfalme aliyewapa hifadhi masahaba wa Mtume (S.A.W.). Huo uko mbali kaskazini. Wa Bale ni mwingine, na unatuhusu kwa njia nyingine kabisa, nayo ni maji. Huko juu huanza mito mingi. Mmoja ni Weyib, unaopita ndani ya mapango ya Sof Omar, ambako wenyeji husema sheikh wa jina hilo alikuwa akiswali zama za kale. Weyib hukutana na Genale, na karibu na Dolo hujiunga na Dawa, ule upitao Mandera kwetu Kenya, na hapo ndipo unapozaliwa mto Juba. Juba nao huteremka nchi nzima ya Somalia ukaingia baharini kaskazini kidogo ya Kisimayu, katika pwani ya ndugu zetu Wabajuni. Kwa hivyo mvua inyeshayo Bale humalizikia katika bahari inayovuliwa na watu wasemao Kiswahili. Mlima huo si wa watu baki.

Mlango wa hifadhi uko katika mji mdogo uitwao Dinsho. Hapo mgeni hapandi peke yake. Hupewa mwongozaji, na hukodi farasi wa kubebea hema na chakula, na kila farasi huja na mwenyewe. Nilifurahi kuona wenye farasi wanakwenda kwa zamu, wa leo si wa kesho, ili riziki isiangukie mkono mmoja. Mwongozaji wetu alikuwa kijana wa huko huko, mtoto wa wachungaji. Alinisalimu kwa salaam aleikum, akaitazama miguu yangu, kisha akawaambia wenzangu, watalii watatu vijana kutoka Ulaya, kwamba mwendo utakuwa wa huyu mzee. Wakanuna kidogo. Siku ya pili, mmoja wao aliyekuwa akijifanya swala alilazwa na kichwa na kichefuchefu, kwani pale juu pumzi ni haba na mwenye haraka huadhibiwa. Mimi nilikuwa nikienda pole pole kama mtu anayefuata jeneza, na nilifika salama.

Ujuzi wa kijana yule ndio uliokuwa darasa langu. Alijua mti gani huwaka hata ukiwa mbichi. Alijua nyala wa milimani, yule mnyama mkubwa wa pembe za kujipinda kama tandala, hupenda kulala wapi jua likiwa kali. Nyala huyo hapatikani popote duniani ila katika milima ya Ethiopia, na wataalamu wa Ulaya hawakumjua wala kumpa jina mpaka 1910. Waoromo, bila shaka, walikuwa wakimjua tangu azali, lakini hakuna aliyewauliza.

Tulipofika bonde la Web tukapita penye maporomoko ya Fincha Habera. Karibu nayo kuna pango, na mwaka 2019 wachimbuzi wa mambo ya kale walitangaza kwamba ndani yake walikuta dalili za binadamu walioishi humo zaidi ya miaka 30,000 iliyopita, tena mita 3,400 na zaidi juu ya bahari. Chakula chao kikubwa kilikuwa fuko wa kuchoma! Fuko huyo ni mkubwa, aweza kukaribia uzito wa kilo moja, hupatikana Bale tu, na bado yupo tele. Basi nimtajapo mwanadamu katika milima ile, msomaji akumbuke kwamba hakuhamia jana.

Na fuko huyo ndiye anayetuleta kwa mbwa wetu. Mbwa-mwitu wa Uhabeshi si yule mwenye madoadoa wa Tsavo. Huyu ni mwekundu kama udongo wa tanuu, koo jeupe, mkia mweusi nchani, miguu mirefu ya kifahari. Huishi kwa ukoo, lakini huwinda peke yake, mchana kweupe, akinyemelea mafuko. Tulimwona asubuhi, umande umeganda juu ya majani. Alisimama penye tundu, kichwa upande, akisikiliza ardhi kama fundi anayesikiliza mashine. Hakututazama hata mara moja. Nakiri kwamba nilisahau baridi. Waliosalia duniani kote wazima hawafiki 500 au ni karibu na hapo, na zaidi ya nusu wako Bale.

Waoromo humwita kwa lugha yao bweha wa farasi. Husemwa kuwa humfuata farasi au ng'ombe mwenye mimba ili apate kula zalio. Jina hilo peke yake latosha kuonyesha kwamba mnyama huyu na mifugo ya watu wameishi pamoja muda mrefu sana.

Sasa nije kwenye tukio lililonifanya niandike. Siku ya tatu tuliona ukoo mzima wa mbwa-mwitu ng'ambo ya bonde, na katikati yetu na wao likapita kundi la ng'ombe, na mtoto wa kama miaka kumi akichunga, na mbwa wake nyuma. Mmoja wa wenzangu akashusha kamera, akamwambia mwongozaji: waambie waondoke, wanaharibu picha. Kijana hakumjibu upesi. Alimtazama yule mtoto, akasema kwa upole, "Yule ni mtoto wa mjomba wangu."

Hapo ndipo penye kisa chote. Mgeni huja na picha yake tayari kichwani: mlima, mnyama, na mtu hakuna. Na si mgeni wa kamera tu. Wako pia wakubwa wenye mihuri wanaoipenda picha hiyo hiyo. Mwaka 2014 mipaka ya hifadhi ya Bale ilitiwa katika sheria, na 2023 UNESCO ikaiandika katika orodha ya urithi wa ulimwengu. Ni heshima kubwa, nami sina ugomvi nayo. Ninachouliza ni je, katika urithi huo mtoto wa mjomba yumo au hayumo? Kwani mazungumzo ya kuwahamisha watu wa ndani ya hifadhi hayakuanza leo, na Bale ni nchi yenye kumbukumbu. Kuanzia 1963 hadi 1970 watu wake walipigana na serikali ya Haile Selassie chini ya Waqo Gutu, na miongoni mwa yaliyowakasirisha ni ardhi na kodi. Hifadhi ikazaliwa moto ule ulipokuwa ndio kwanza unazimika. Mtu aliyenyang'anywa mara moja husikia neno "mpaka" kwa sikio lake mwenyewe.

Sisi wa pwani tusijifanye hatufahamu. Malindi na Watamu zilipofanywa hifadhi za bahari mwaka 1968, miamba waliyovua wazee wetu ikawa ya kutazamwa kwa mashua za vioo. Samaki walipona, ni kweli. Lakini mvuvi aliyeondolewa mwambani hakugeuka kuwa mwenye hoteli.

Nirudi kwa mbwa. Mtu akikuuliza nini kinachommaliza mbwa-mwitu wa Bale, usimjibu kuwa ni mkuki. Kwanza ni shamba, linalopanda mlima mwaka hata mwaka na kumla fuko malisho yake. Pili ni kichaa cha mbwa. Kiliwaua wengi 1991 na 1992. Mwaka 2003 kiliingia bonde la Web, lile lile nililopita, na kikamaliza kama robo tatu ya waliokuwamo. Kilirudi tena 2008 na 2014. Na kichaa hicho hutoka kwa mbwa wa mchungaji. Basi wenye haraka husema: waueni mbwa, waondoeni wachungaji.

Lakini mbwa yule hakuwekwa kwa mapambo. Usiku kuna fisi na chui, na zizi halina mlinzi mwingine. Mzee wangu wa barazani anajua kuliko mimi kwamba hata sisi Mashafi, ambao mbwa akitulambia chombo tutakiosha mara saba na moja kwa udongo, fikihi yetu imemruhusu mbwa wa mifugo, wa shamba na wa mawindo. Na kila Ijumaa tusomapo Suratul Kahf tunampita mbwa aliyelinda mlango wa vijana wa pangoni. Hakufukuzwa pale.

Dawa ipo, nayo ni chanjo. Tangu miaka ya 1990 kumekuwa na watu wanaozunguka nyumba kwa nyumba huko Bale kuwachanja mbwa wa wachungaji, na mwaka 2018 wakaanza kuwapa mbwa-mwitu wenyewe chanjo iliyofichwa ndani ya nyama. Sasa tafakari: ni nani atakayemshika mbwa achanjwe? Ni yule mtoto wa ng'ombe. Ni nani wa kwanza kuona mbwa-mwitu anayumba na kutokwa na povu? Ni yeye huyo. Mwenye mbwa akikubali, mbwa-mwitu ataishi. Akichukia, akamficha mbwa wake uvunguni, hakuna askari wa hifadhi atakayemjua. Kwa hivyo uhai wa mnyama yule tuliyepanda mlima kumtazama umo mikononi mwa nyumba ile ambayo mwenzangu alitaka iondoke kwenye picha.

Sisemi kila mtu aachiwe ajenge na kulima apendapo. Zamani Waoromo wa Bale walikuwa na desturi waiitayo godantu: hupandisha ng'ombe juu kwa msimu wake, kisha huwateremsha nyasi zikapumzika. Siku hizi wengi wamepanda na hawateremki tena. Mlima hauwezi kustahimili hayo, na likiharibika jani la juu, hata Juba itajua. Lakini ikiwa kuna sheria ya kufuatwa, ianze na godantu, ambayo wenyewe waliitunga, na wakae meza moja na wazee wao.

Na fedha nazo zifike. Katika safari yetu wenzangu walikuwa wamelipa kila kitu kwao, kwa wakala ambaye simtaji. Nilipolinganisha waliyolipa wao na ujira wa mwenye farasi, niliona haya kuwa mgeni. Anayetaka kwenda Bale, nami namshauri aende, amlipe mwongozaji pale pale Dinsho, akodi farasi wa pale, na kabla ya kuuliza mbwa-mwitu wako wapi, aulize mbwa wa vijijini wamechanjwa lini.

Kupanda kwa miguu nchi ile hakukuanzishwa na watalii hata hivyo. Kaskazini mashariki ya milima hiyo kuna ziara ya Sheikh Hussein, na kwa karne nyingi mahujaji wameiendea kwa siku na majuma, mkononi fimbo ya panda, wakilala kwa watu waliowakuta njiani. Kuhusu ziara yenyewe wanazuoni wana maneno yao, na hapa si mahali pake. Nasema tu kwamba wasafiri wale walikuwa na wenyeji, na mwenyeji hakuambiwa asogee.

Usiku wa mwisho, tukiota moto, kijana aliniuliza kama ni kweli maji ya Web hufika baharini kwetu. Nikamwambia hufika Kisimayu, na mvua zikiwa kubwa wavuvi huona bahari imegeuka rangi ya udongo. Akanyamaza, akachochea kuni, akasema, "Basi mnaiona ardhi yetu kabla ya kutuona sisi."

Hayo yote nilimweleza mzee wangu barazani jioni ya pili, na safari hii wenzake hawakucheka. Alikoroga kahawa yake isiyo na sukari, akafikiri, kisha akauliza, "Kumchanja mbwa mmoja huko ni bei gani?"