Yoga si Sarakasi

Wapo wanaonicheka kwamba nimevuka miaka sabini na kila alfajiri bado natandika mkeka nifanye yoga. Wengine wananiambia ati ni ibada ya sanamu. Vijana nao wananionyesha picha za watu waliojikunja kama kamba, wakidai hiyo ndiyo yoga hasa. Wote wamekosea, na kosa lao ni moja: wanatazama viungo tu.

Patanjali, mwalimu wa kale wa Uhindi, aliipanga yoga katika hatua nane. Mikao ya mwili ni hatua ya tatu! Ya kwanza ni kujizuia: usidhuru, usiseme uongo, usiibe. Ya pili ni usafi, kuridhika na kujikabidhi kwa Mungu. Ndipo mwili, kisha pumzi, na baadaye utulivu wa fikira. Juu ya mkao wenyewe hakudai zaidi ya kwamba uwe imara na wa raha. Sarakasi iko wapi hapo?

Mgongo wangu umepata nafuu, nashukuru, ila hilo ni dogo. Chuoni tuliwafundisha wanachuo kuandaa somo, kuandika ubaoni, kupuliza filimbi ya michezo. Hatukumfundisha hata mmoja kuvuta pumzi mara tatu kabla ya kuinua fimbo. Mimi mwenyewe niliiinua kwa hasira, mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka. Sasa mkono ule ule nauweka tumboni, nahesabu pumzi, na nyuso za watoto wale zinanijia.