Kabla ya Kulipia Basi la Mikumi

Tangazo limeshabandikwa tena pale ubaoni karibu na kantini: safari ya mbugani, Mikumi, kwenda na kurudi siku moja, majina yaandikwe kabla boom halijaisha. (Hilo la boom nimeongeza mimi, lakini mhazini wetu anajua anachofanya.) Mwaka jana nilikwenda na sijutii. Tuliona twiga, tembo, nyumbu, viboko bwawani, na simba mmoja aliyelala chini ya mti, amewapa mgongo watu arobaini waliolipa kumwona. Picha mliziona kwenye magrupu.

Jioni yake nilimpigia babu. Yuko Sikonge, Tabora. Nikamwambia, "Babu, ndio tumerudi safari."

Kimya kidogo. "Safari ya wapi? Kuna msiba?"

"Hapana babu, mbugani. Tulienda kuona wanyama."

"Mkawafanya nini?"

"Tumewatazama tu."

Akafikiri, kisha akauliza kwa upole, kama mtu anayeogopa kunifedhehesha: "Sasa mjukuu wangu, hawa wa huku Ugalla wana kasoro gani?"

Sikuwa na jibu. Mwaka umepita, na kwa kuwa kamati ya burudani inakutana wiki ijayo, naomba nilijibu swali la babu hadharani: hawana kasoro yoyote. Mwaka huu tusiende Mikumi, twende Tabora.

Najua mtakachosema, maana nimeshakisikia. Tabora mbali. Ni kweli. Mikumi barabara kuu ya Iringa inapita katikati ya hifadhi. Mtu anaona nyani na swala akiwa kwenye basi la Mbeya, anatafuna karanga, hajalipa hata senti ya kiingilio. Ugalla lazima uitafute. Lakini tangu lini umbali ukawa hoja ya kuikataa safari? Hapo ndipo ninapotaka tuelewane kwanza kuhusu hilo neno.

Babu hakukosea kuuliza msiba. Kwake yeye, na kwa Mswahili yeyote wa umri wake, safari haina mnyama ndani yake. Ni kutoka hapa kwenda kule, na hutoki bila sababu: msiba, harusi, biashara, ugonjwa. Maana ya kukaa kwenye gari na kutazama pundamilia wameiongeza Wazungu. Walilisikia neno kwa watu waliowabeba. Richard Burton na John Speke walifika Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba 1857, baada ya zaidi ya miezi minne njiani kutoka pwani, na vitabu vya wasafiri wa aina yao ndivyo vilivyolipeleka neno Ulaya. Mwaka 1909 Theodore Roosevelt, ametoka tu kwenye urais wa Marekani, akaja Kenya kuwinda akiwa na wapagazi mamia, na dunia nzima ikajua kwamba safari ni bunduki, hema na simba. Baadaye bunduki ikawa kamera. Sisi tumelipokea neno letu wenyewe kama mtumba, tukalivaa, hata hatuulizi lilitoka kwa nani.

Lilitoka kwa watu wa Tabora, kwa sehemu kubwa. Njia ya misafara iliondoka Bagamoyo, ikapanda Ugogo, ikafika Unyanyembe, na kutoka hapo ikagawanyika: moja kwenda Ujiji na Ziwa Tanganyika hadi Kongo, nyingine kaskazini kwenda Karagwe na Buganda. Katika karne ya 19 makumi ya maelfu ya watu waliipita kila mwaka, na mabega yaliyobeba mizigo mengi yalikuwa ya Wanyamwezi. Mzigo wa kawaida ulikuwa kama frasila mbili, yaani kilo thelathini na kitu, ukiachilia mbali chungu, mkeka na silaha ya mpagazi mwenyewe. Mbele alitangulia kirangozi na bendera, nyuma ngoma na bargumu. Kijana wa Kinyamwezi ambaye hajaiona pwani alichekwa nyumbani. Ilikuwa kama wewe umalize chuo bila cheti.

Na hawa hawakuwa punda. Wengi walikuwa vibarua huru waliopatana ujira kabla ya kuinua mzigo, na ujira usipolipwa, mzigo ulikaa chini. Posho tunayoigombania kwenye vikao vyetu vya serikali ya wanafunzi ni neno la misafara: chakula cha siku cha mpagazi, au kitambaa na shanga za kununulia. Hongo nayo ni ya huko. Ilikuwa ushuru halali anaolipwa mtemi ili msafara upite nchini kwake. Leo ukiitoa unafungwa. Hata huu utani wa Wanyamwezi na Wazaramo, unaotuvunja mbavu bwenini, ulikuzwa na njia hiyohiyo. Ila tusijidanganye, pia walipita watu waliofungwa minyororo, na wapo Wanyamwezi waliouza na waliouzwa. Mjini Tabora miembe mikubwa ya enzi hizo bado inatoa kivuli. Ukikaa chini yake hujui aliyepumzika hapo alikuwa huru au la.

Sasa, hayo yanahusiana vipi na kwenda kuangalia tembo? Yanahusiana sana, maana njia yote ile iliwekwa na tembo. Pembe ndiyo iliyolipa gharama. Zilishuka Bagamoyo, zikavuka Zanzibar, ambayo wakati huo ilikuwa soko kubwa la pembe za ndovu, zikaenda kuwa vitufe vya piano na mipira ya biliadi huko Uingereza na Marekani. Kutoka Marekani kikarudi kitambaa, hicho ambacho hadi leo bibi zetu wanakiita marekani. Tembo wa karibu na Unyanyembe walipopungua, misafara ilisogea mbele, hadi Manyema ndani ya Kongo. Kwa hiyo unapomwona tembo porini Tabora leo, unamwona mjukuu wa waliosalia. Mikumi tulipoonyeshwa tembo tuliambiwa uzito wake na miezi ya mimba yake. Hakuna aliyesema neno kuhusu pembe zilikokwenda wala nani alizibeba, na sisi hatukuuliza. Nami nilikuwa mmojawapo, niko bize napiga selfi.

Kuna kisa kimoja ambacho ningependa kila mwanafunzi wa chuo hiki akijue, hasa wale wa kamati ya migomo. Mwaka 1871 Henry Stanley alikwama Tabora, maana Mtemi Mirambo wa Urambo alikuwa vitani na Waarabu na njia ya Ujiji ilikuwa imefungwa. Akaamua kuzunguka kusini. Siku kadhaa baadaye walifika mto Gombe, kwenye nyika iliyojaa nyati, pundamilia na swala. Stanley akapiga kambi na kuwinda, na ameandika kwa furaha kubwa juu ya mahali pale. Wapagazi nao wakala nyama kama sherehe. Kisha akaamuru mizigo ibebwe. Watu wakataka siku zaidi za kupumzika na kula, yeye akakataa. Wakaondoka kwa kununa, na hawakufika mbali kabla ya mizigo kutua chini na bunduki kuelekezwa, yeye kwa kiongozi wa njia, Asmani, na Asmani kwake. Damu haikumwagika, lakini ilikaribia.

Mimi nikisoma kisa hicho naona picha mbili za pori moja. Kwa Stanley palikuwa mahali pa starehe, pa kutazama na kupiga risasi. Kwa aliyebeba mzigo palikuwa mahali pa kula na kunyoosha mgongo. Sisi tunapopanda basi kwenda mbugani tunakaa kwenye kiti cha Stanley. Sisemi tushuke tubebe mizigo. Nasema tujue kiti ni cha nani.

Kilomita chache nje ya mji wa Tabora, Kwihara, kuna tembe ambalo ni makumbusho ya David Livingstone. Yeye na Stanley walikaa hapo mwaka 1872 baada ya kukutana Ujiji, kisha Stanley akaenda zake na mzee akabaki akingoja wapagazi. Wapagazi walipofika ndipo alipoondoka, kwenda kufa mwaka uliofuata katika nchi ambayo leo ni Zambia. Chuma, Susi na wenzao waliukausha mwili wake wakaubeba kurudi, wakapita hapohapo Tabora, wakaufikisha Bagamoyo Februari 1874. Nenda uangalie. Nyumba ni nzuri, imetulia, na siku niliyokwenda mimi nilikuwa mgeni peke yangu. Ina jina la aliyebebwa.

Tuje Ugalla. Kwa miaka mingi ilikuwa pori la akiba: wageni wenye fedha walikuja kuwinda kwa leseni, na wenyeji waliingia kwa kibali, kwa msimu, kuvua samaki na kurina asali. Mwaka 2019 ikapandishwa hadhi kuwa Hifadhi ya Taifa ya Mto Ugalla. Kuna mto wenyewe unaokwenda kuungana na Malagarasi, kuna viboko na mamba, kuna palahala na korongo ambao Mikumi hukutani nao kirahisi, simba, chui, na misitu ya miyombo isiyo na mwisho. Si mbuga ya nyasi fupi ambayo mnyama anakuja kukupigia saluti. Inabidi utafute, na kuna saa unaambulia miti tu.

Lakini ile miti nayo ni habari. Babu amerina asali maisha yake yote. Anatengeneza mizinga kwa magome ya miti, anaitundika juu, na enzi za pori la akiba walikuwa wakikaa kambini wiki kadhaa, wanarina, wanasimulia hadithi za babu zao waliokwenda pwani kwa miguu. Sasa amezeeka, mizinga yake michache iko msitu wa kijijini. Sheria ya hifadhi ya taifa ni kali kuliko ya pori la akiba: ndani hakuna kuvua, hakuna kurina, kuna kutazama. Kigosi, iliyopandishwa mwaka huohuo 2019, baadaye ilivuliwa hadhi na kurudishwa kuwa hifadhi ya msitu ili kazi kama ufugaji nyuki ziendelee. Ugalla ikabaki hifadhi ya taifa.

Je, ni sawa? Nimebishana na nafsi yangu. Mkoa wa Tabora unapoteza misitu, na tumbaku inayokaushwa kwa kuni imekula miti mingi kuliko mrina asali yeyote. Bila ulinzi mkali, hao palahala tungewaona kwenye vitabu. Hilo nalikubali. Ila mrina asali ndiye mtu wa mwisho kutaka mti ukatwe, na ndiye mtu wa kwanza kutolewa nje mlango unapofungwa. Mlango umefungwa kwa ajili ya mtalii, basi angalau mtalii aje. Maana hali ilivyo, mwenye kazi hawezi kuingia na mwenye kamera hajafika. Yupo Mikumi, siku moja, kwenda na kurudi. Tangu filamu ya Royal Tour ya mwaka 2022 tunahimizwa utalii wa ndani. Sawa. Huko nako ni ndani, tena ndani kabisa.

Pendekezo langu kwa kamati ni hili. Tusitafute siku moja, tutafute wiki ile ya likizo fupi baada ya UE. Tupande treni ya reli ya kati. Ilifika Tabora mwaka 1912 ikifuata kwa karibu njia ileile ya misafara, na ukiamka asubuhi mahali fulani Ugogo ukachungulia dirishani, utaelewa kwa nini msafara ulikuwa tayari kulipa hongo kwa mtu anayemiliki kisima. Tulale mjini, tuione Kwihara. Kisha tuchukue basi la Mpanda, lami ipo, tushuke Sikonge au Ipole, ambako vijiji vina eneo lao la kuhifadhi wanyamapori, tukawasikilize warina asali kabla hatujaingia hifadhini. Kabla, siyo baada. Tukianza na simba hatutamsikiliza mtu tena.

Gharama itazidi ya Mikumi, sitadanganya. Nauli ni kubwa zaidi, na gari la kuingia hifadhini lazima lipangwe mapema na lazima liwe kiangazi, maana masika njia za ndani zinakuwa tope. Kiingilio si tatizo. Mtanzania analipa shilingi elfu chache. Kwa hiyo kama kamati itasema fedha hazitoshi, nitaelewa, ila nitaomba waonyeshe hesabu, kama wapagazi walivyokuwa wakiomba.

Babu ameshasema atatupokea, idadi yoyote, asali ipo, mahali pa kulala tutajibana. Amesisitiza jambo moja tu niwafikishie: hifadhini msivae bluu wala nyeusi. Mbung'o wanazipenda rangi hizo kuliko kitu chochote, na suruali ya jinzi wanaitoboa.