Mtoto wa Eastlands asitibiwe peke yake

Imekuwa desturi katika shule zetu za Eastlands, kuanzia Shauri Moyo hadi Kayole, kwamba mwanafunzi akizidi ukaidi, au akinyamaza kupita kiasi, hupelekwa kwa mshauri nasaha kama redio inavyopelekwa kwa fundi. Mwalimu humkabidhi mlangoni, kisha hutarajia kurudishiwa mtoto aliyetengenezwa. Desturi hii haifai.

Yafaa kwanza ielezwe kazi ya mtaalamu wa tiba ya mazungumzo ni ipi. Yeye si daktari wa akili anayeandika dawa, wala si mtoa mawaidha. Mawaidha tunayo ya kutosha, nyumbani, kanisani, msikitini na kwenye gwaride la asubuhi. Kwa mtu mzima, kazi yake ni kusikiliza na kuuliza mpaka mwenye shida aone mwenyewe jinsi mambo yake yanavyofungamana. Kwa mtoto mdogo, asiye na maneno ya kueleza yaliyomkuta, huanza kwa michoro, wanasesere na michezo. Lakini sehemu ya kazi hiyo inayosahauliwa mno ni kuikalisha familia pamoja, maana mara nyingi mtoto ndiye anayeonyesha homa ya nyumba nzima.

Usiku wa tarehe 30 Machi 2020, katika siku za kwanza za kafyu, mvulana wa miaka 13 alipigwa risasi akiwa kwenye roshani ya kwao Kiamaiko, akafariki. Baadaye afisa mmoja wa polisi alishtakiwa. Magazeti yaliandika habari za marehemu na wazazi wake, kama ilivyostahili. Habari za watoto wa majumba ya jirani waliousikia mlio ule hazikuandikwa sana.

Shule zilipofunguliwa kwa wanafunzi wote Januari 2021, nilimjua mvulana wa mtaa usio mbali na hapo ambaye hakukubali katu kuketi karibu na dirisha. Aliadhibiwa kwa ukaidi. Hatimaye mshauri mmoja mwenye subira aliomba ruhusa kwenda kwao. Alikuta watu sita katika chumba kimoja, na kitanda kilichosogezwa mbali na dirisha. Wazazi hawakuwa wamewaeleza watoto neno lolote, wakidhani kimya kingewalinda. Nyanya naye aliwakemea kila walipouliza. Basi kila mtoto alijitungia maelezo yake, na huyu akaamua kwamba anayechungulia nje hufa. Mshauri hakumhubiria ujasiri. Alikaa na nyumba ile jioni kadhaa, mpaka baba akaweza kutamka mbele ya wanawe kwamba hata yeye aliogopa. Sisemi kwamba mvulana alipona papo hapo. Ilichukua muhula mzima, na hata baada ya hapo alishtuka kila mlango ulipobamizwa. Lakini dirishani aliketi bila kushurutishwa.

Mazungumzo ya namna hii yanataka faragha, na hapo Eastlands ina historia yake. Nyumba nyingi za zamani za manispaa na za reli zilijengwa enzi za ukoloni kwa kumkadiria mfanyakazi mwanamume aliyeiacha familia yake mashambani. Leo chumba kile kile kina baba, mama, watoto, na mgeni aliyekuja kutafuta kazi. Ugomvi wa mume na mke husikika pale pale mtoto anapofanyia kazi yake ya shule. Ongeza ubomoaji kama ule wa Kariobangi, Mei 2020, ulioacha maelfu ya watu bila makao katikati ya janga la korona.

Shuleni nako si afadhali. Mwalimu wa ushauri nasaha mara nyingi ana vipindi vyake kamili, na katika shule nyingine ndiye huyo huyo aketiye katika kamati ya nidhamu. Kiboko kilipigwa marufuku mwaka 2001, lakini ni mwanafunzi gani atakayemfungulia moyo asubuhi mtu atakayemhukumu alasiri?

Halafu kuna lugha. Mimi ni mtetezi wa Kiswahili sanifu, na wanafunzi wangu wanalijua hilo vizuri. Hata hivyo, mtoto wa Jericho au Dandora hulia kwa Sheng. Akikatizwa kati ya machozi ili asahihishwe ngeli, hatarudi tena.

Wapo watakaosema kwamba tiba hii ni anasa ya Wazungu na matajiri. Uganda ilikwisha kulijibu hilo. Mwaka 2002, katika wilaya za Masaka na Rakai zilizokuwa zimeumizwa sana na UKIMWI, utafiti ulifanywa katika vijiji 30. Katika nusu ya vijiji hivyo, watu wenye sonona walikutana kwa makundi mara moja kwa wiki, kwa wiki 16, wakiongozwa na wenyeji waliofunzwa kwa wiki mbili tu. Watafiti hawakuja na majina yao ya maradhi. Waliwauliza wenyeji, wakapewa yo'kwekyawa na okwekubazida, yaani kujichukia na kujihurumia. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2003 yalionyesha kwamba waliokutana walipata nafuu kubwa kuliko wenzao.

Karatasi tunazo. Tangu 2014 Kenya ina sheria ya kusimamia washauri nasaha na wanasaikolojia, na mwaka 2020 jopo lililoongozwa na Dkt. Frank Njenga lilipendekeza maradhi ya akili yatangazwe kuwa dharura ya kitaifa. Ila ada ya saa moja kwa mtaalamu wa binafsi huweza kumeza mapato ya siku kadhaa ya mchuuzi wa Gikomba.

Sidai hospitali mpya. Kaloleni, Bahati na Pumwani zina kumbi za jamii. Serikali ya kaunti na itenge humo chumba kimoja chenye mlango unaofungika, kwa Jumamosi alasiri, vibarua wakishatoka kazini. Tume ya Walimu nayo imwondoe mshauri katika kamati ya nidhamu na kumpunguzia vipindi. Na barua ya kuwaita wazazi isiseme tena kwamba waje kuelezwa makosa ya mwana wao. Iseme kwamba nyumba nzima inangojewa, nyanya akiwemo.